UZI: Boston ilivyopoteza redio zake za rock moja baada ya nyingine (WBCN, WFNX, WAAF) na jinsi ya kuusoma mchezo wa fomati

#1 MasafaMapana

Wakuu, kila redio ya rock inapozimwa Marekani maelezo huwa yale yale: vijana wamehamia intaneti, rock imezeeka. Maelezo hayo hayatoshi, na Boston inaonyesha kwa nini. Ni mji mmoja, redio tatu kubwa za rock, na kati ya 2009 na 2020 zote tatu zilitoka hewani, kila moja kwa njia yake.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Kule masafa na fomati ni vitu viwili mbalimbali. Masafa yana leseni, leseni ina mmiliki, na inauzwa kwa mamilioni ya dola. Fomati, yaani aina ya muziki na vipindi, haimo kwenye leseni kabisa. Masafa ndiyo nyumba, fomati ni mpangaji. Mwenye nyumba akipata mpangaji anayelipa zaidi, au akiamua kuuza, mpangaji anafungasha, hata kama kodi alikuwa analipa kwa wakati.

WBCN 104.1. Herufi BCN kwenye jina la kituo ni Boston Concert Network, kwa sababu kituo kilianza kama redio ya muziki wa klasiki wa Ulaya. Rock iliingia usiku wa 15 Machi 1968, mwanzoni kwa saa za usiku tu, kisha ikachukua siku nzima. Kwa hiyo hata rock yenyewe iliingia kwa kumtoa mpangaji mwingine. Zaidi ya miaka 40 baadaye mmiliki alikuwa CBS Radio, aliyekuwa pia na 98.5 (WBMX, pop ya watu wazima) na 100.7 (WZLX, rock ya zamani). Agosti 2009 akapanga upya vyumba vyake: redio mpya ya michezo ikapewa 98.5, WBMX ikahamishiwa 104.1, WBCN ikabaki bila masafa. Hakuna mshindani aliyeing'oa. Iling'olewa na ndugu zake wa nyumba moja. Na kumbukeni WBCN ndiyo iliyokuwa ikirusha mechi za New England Patriots. Haki hizo zikahamia 98.5 pamoja na wadhamini wake.

WFNX 101.7. Hii ilianza 1983 kama redio ya rock mbadala, chini ya mwenye gazeti la Boston Phoenix. Mwaka 2012 masafa yakauzwa kwa Clear Channel, kampuni kubwa ya redio, kwa dola milioni 14.5. Tazameni kilichofuata: Julai 2012 ikaja The Harbor, nyimbo mchanganyiko za zamani. Desemba mwaka huohuo ikageuzwa Evolution, muziki wa dansi wa kielektroniki. Juni 2014 ikawa The Bull, kantri. Wapangaji watatu ndani ya miaka miwili. Mnunuzi alitaka masafa, na hakuwa na haraka ya kujua atayafanyia nini.

WAAF 107.3. Rock ngumu, kwa karibu miaka 50. Februari 2020 mmiliki wake, Entercom, aliiuza kwa EMF, shirika la Kikristo lenye mtandao wa K-LOVE, kwa dola milioni 10.75. Kipindi cha setilaiti kikachukua nafasi, na fedha za kukiendesha zinatoka kwenye michango ya wasikilizaji.

Nyumba tatu, sababu tatu: mmiliki kujipanga upya, mmiliki huru kuuza kwa kampuni kubwa, kampuni kubwa kuuza kwa shirika la dini. Tujadili kwa data.

---

#2 Bi_Gitaa

Asante mkuu kwa uzi. Swali: hawa wasikilizaji hawakuwa na pa kulalamika? FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, si ndiyo inayotoa leseni "kwa maslahi ya umma"? Redio ya miaka 40 inafutwaje bila hata kikao?

---

#3 Sheria_Hewani

Dada Bi_Gitaa, swali lako lilishafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na kisa chenyewe kilianza na rock.

New York, masafa ya 104.3, kulikuwa na WNCN ya muziki wa klasiki. Mwaka 1974 mwenye kituo akaigeuza kuwa redio ya rock, WQIV. Wapenzi wa klasiki wakaunda chama, WNCN Listeners Guild, wakapambana hadi kituo kikapata mnunuzi aliyerudisha klasiki mwaka 1975. Walishinda hapo. Lakini mwaka 1976 FCC ikatoa tamko kwamba haitakagua mabadiliko ya fomati, soko litaamua. Chama kikashtaki, kikashinda mahakama ya rufaa, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ikaipa FCC ushindi. Tangu siku hiyo mlango umefungwa. Unaweza kupinga uuzaji wa leseni kwa sababu ya udanganyifu, au kwa kuvuka kiwango cha umiliki, lakini hoja ya "wanaua muziki wetu" haisikilizwi.

Masafa yenyewe? Desemba 1993 klasiki ikaondolewa 104.3 na rock ikarudi, mara hii kwa herufi WAXQ. Kesi ya kuzuia rock ndiyo inayowanyima mashabiki wa rock silaha leo.

---

#4 FundiMnara

Naongeza upande wa mitambo, maana bei mlizotaja hazieleweki bila kujua ukubwa wa kila leseni.

FM za Marekani zina madaraja. Daraja A ni hadi kilowati 6 kwa antena yenye kimo cha mita 100 juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka. Daraja B, linalotumika kaskazini mashariki kwenye msongamano, ni hadi kilowati 50 kwa mita 150. Daraja C, kwenye maeneo mapana, ni kilowati 100 kwa hadi mita 600. A kamili inafika kama kilomita 28, B inalindwa hadi kama kilomita 65, C hadi kama kilomita 92.

Watu huona "kilowati 1.7" ya WFNX wakadhani ni kituo kibovu. Sivyo. Antena ilikuwa juu ya jengo refu katikati ya Boston. Ukipandisha antena juu ya mita 100 kwenye daraja A, lazima ushushe nguvu ili duara la usikivu lisizidi lile la kilowati 6 kwa mita 100. Hasara yake ni kwamba duara hilo linaishia vitongojini. Mtu anayeishi mjini na kufanya kazi kilomita 40 nje anaipoteza njiani kila asubuhi, na kwenye kipimo cha wasikilizaji, kinachohesabu kwa robo saa, hizo ni robo saa kadhaa zimemwagika.

WAAF ilikuwa na tatizo la upande wa pili. Ilikuwa na nguvu, lakini asili yake ni Worcester, karibu kilomita 65 magharibi ya Boston, na mnara ulibaki upande huo. Ndani ya mji, katikati ya majengo marefu, mawimbi yanayofika kutoka mbali yanagonga kuta na kurudi yakiwa yamechelewa kidogo. Redio ya gari inapokea nakala mbili za wimbi moja. Zikigongana sauti inakwaruza, hasa kwenye taa za barabarani, gari likiwa limesimama. Ukisogea mita moja inasafishika. Mtangazaji wa biashara anayenunua "Boston" anauliza Boston ya wapi. Ndiyo maana leseni ya 107.3, pamoja na jina lake lote, iliuzwa kwa dola milioni 10.75 tu.

---

#5 MasafaMapana

Fundi, umenifungua macho kuhusu 107.3. Niongeze sheria mbili zilizofanya nyumba hizi zikusanyike kwa wachache.

Ya kwanza ni ile iliyoijenga rock ya FM. Miaka ya 60 kampuni nyingi zilikuwa na AM na FM, na FM ilirudia tu AM. FCC ikaamua mwaka 1964 kwamba kwenye miji ya zaidi ya watu 100,000, FM isirudie zaidi ya nusu ya vipindi vya AM. Ghafla kukawa na saa nyingi tupu, na vijana wenye sahani za santuri wakaruhusiwa kuzijaza kwa gharama ndogo. WOR-FM New York 1966, KMPX San Francisco 1967, WNEW-FM 1967. Rock ilipewa FM kwa sababu FM wakati ule haikuwa na thamani.

Ya pili ni sheria ya mawasiliano ya 1996. Kabla yake kampuni moja haikuweza kuwa na zaidi ya FM 20 na AM 20 nchi nzima. Kikomo cha nchi kikaondolewa. Kwenye soko lenye vituo 45 au zaidi, kampuni moja inaruhusiwa kuwa na 8, ila zisizidi 5 za aina moja. Clear Channel ikapita vituo 1,000. Sasa meneja mwenye FM tano mjini hapangi kila redio ishinde, anapanga zisilane. Akiwa na rock ya zamani na rock mpya, zote zinawinda wanaume wa miaka 25 hadi 54, basi moja ni mzigo. WBCN na WZLX zilikuwa hivyo hivyo, na iliyobaki ni ile ya nyimbo za zamani. WZLX ipo hadi leo, sasa chini ya iHeartMedia (jina jipya la Clear Channel).

---

#6 mpanga_nyimbo

Hapa nipingane kidogo na mwenye uzi. Mfano wa mpangaji ni mzuri, lakini unazisafisha redio kupita kiasi. Rock nyingi zilijidhoofisha zenyewe kupitia orodha ya nyimbo kabla mwenye nyumba hajagusa kitu.

Programu ya kupanga nyimbo inagawa muziki kwenye makundi. Tuseme kundi la nyimbo kali lina nyimbo 6, na saa moja ina nafasi 3 za kundi hilo. Kila wimbo unarudi baada ya saa 2 kamili. Maana yake wimbo uliopigwa saa moja na dakika kumi asubuhi leo utapigwa dakika ileile kesho na kesho kutwa, na mtu anayeendesha gari kwenda kazini kwa ratiba moja anasikia wimbo mmoja kila siku. Ongeza wimbo mmoja tu, ziwe 7: sasa unarudi baada ya saa 2 na dakika 20, na kwa kuwa saa 24 hazigawanyiki sawasawa kwa muda huo, wimbo unahama kila siku. Huo ndio ufundi wa msingi wa kazi hii, na ndio unaovurugika mtu mmoja anapopewa vituo vinne kuvipangia nyimbo akiwa mji mwingine.

Halafu kuna majaribio. Wasikilizaji wanakusanywa ukumbini, wanachezewa vipande vya sekunde 7 hadi 10 vya mamia ya nyimbo, wanatoa alama. Wimbo usiojulikana hauwezi kupata alama nzuri kwa sekunde 7. Kwa hiyo kila mwaka orodha inazidi kukaza kwenye nyimbo zilezile, nyimbo mpya hazizoeleki, na baada ya miaka 15 hakuna "rock ya zamani" mpya ya kuingiza. Anayeendesha redio hivi asishangae wasikilizaji wake wakizeeka naye.

---

#7 Sheria_Hewani

Mpanga_nyimbo yuko sahihi, na kipimo kiliongeza shinikizo. Zamani Arbitron ilikuwa inagawa daftari, mtu anaandika kwa wiki moja alichosikiliza. Daftari lilipenda majina. Shabiki wa WBCN aliandika "WBCN" hata siku aliyosikiliza dakika chache, kwa sababu alijitambulisha nayo. Kuanzia 2007, Philadelphia na Houston zikitangulia, kikaja kifaa cha PPM: mtu anakivaa, nacho kinanasa msimbo uliofichwa ndani ya sauti ya kituo. Mapenzi hayapimwi tena, kinachopimwa ni kilichofika kwenye kifaa.

Kanuni ilikuwa dakika 5 ndani ya robo saa ili upewe robo saa nzima. Tangu Januari 2025 Nielsen, aliyeinunua Arbitron 2013, ameshusha hadi dakika 3. Ndiyo maana mtangazaji anaambiwa asiongee: kila neno ni nafasi ya mtu kubonyeza kituo kingine. Redio za rock za Boston zilijengwa na watangazaji wenye maneno. Ondoa maneno, unabaki na orodha ya nyimbo, na orodha mtu anaipata kwenye simu.

---

#8 Bi_Gitaa

Nimeelewa. Lakini WBCN si iliambiwa inaendelea "kwenye HD"? Kwa nini haikushika huko?

---

#9 FundiMnara

HD Radio ni mawimbi ya dijitali yanayopandishwa pembeni mwa wimbi la kawaida la FM la kituo hichohicho. HD1 inarudia kipindi kikuu, HD2 na HD3 zinaweza kubeba vipindi vingine. WBCN iliwekwa kwenye chaneli ndogo ya namna hiyo.

Tatizo la kwanza ni nguvu. Mwaka 2009 sehemu ya dijitali iliruhusiwa asilimia 1 tu ya nguvu ya analogi. Kituo cha kilowati 50 kilirusha dijitali kwa wati 500. FCC iliruhusu kupandisha hadi asilimia 10 mwaka 2010, tena kwa masharti ya kutoingilia jirani. La pili ni namna mawimbi yanavyokatika. HD1 ikipotea, redio inateleza kwenye analogi na msikilizaji haoni tofauti kubwa. HD2 haina analogi ya kuangukia, ikipotea ni kimya kabisa. Ukipita chini ya daraja unabaki na ukimya wa sekunde kadhaa hadi kifaa kinase tena. La tatu, lazima uwe na redio yenye HD, na kwenye magari ya wakati ule zilikuwa chache.

Leo wanaotumia HD2 vizuri wanaiunganisha na transleta, mtambo mdogo wa FM usiozidi wati 250 unaorudisha HD2 kwenye analogi. Baadhi ya rock zilizofukuzwa kwenye masafa makubwa zinaishi hivyo. Ukiona kituo kinajitangaza kwa namba mpya na kinasikika kilomita 15 tu, tazama kama ni transleta. Transleta haina ulinzi: kituo kamili kikisogea na kugongana nayo, yenyewe ndiyo inayozima.

---

#10 WaKisauni

Wadau, jambo hili si la Marekani pekee. Nairobi ilikuwa na X FM kwenye 105.5, redio ya rock chini ya Radio Africa, na mashabiki wa rock wa Kenya walikutania hapo. Masafa hayohayo yakaja kuwa Smooth FM. Ni mchezo uleule, kampuni yenye redio kadhaa ikipima ipi inauza matangazo.

Swali langu ni la vitendo. Wenzetu wengi wako Lowell na vitongoji vya Boston. Mtu ataonaje mapema kwamba kituo anachokipenda kinauzwa, kabla hajaamka akute kingine?

---

#11 Sheria_Hewani

Ndugu WaKisauni, rekodi ziko wazi kwa kila mtu, bila malipo.

Ingia kwenye mfumo wa leseni wa FCC, unaoitwa LMS, tafuta kwa herufi za kituo. Angalia maombi ya hivi karibuni. Ombi la kuhamisha leseni kwenda kwa mmiliki mwingine ndilo la kwanza kulitazama, na mkataba wa mauzo huambatanishwa, bei ikiwemo. Maombi yenye alama ya pro forma yapite, hayo ni kampuni kubadilisha karatasi zake za ndani. Ombi la kweli likitangazwa, kuna siku 30 za kupinga, kisha FCC inaidhinisha, kisha wahusika wanakamilisha mauzo. Kwa hiyo mara nyingi una wiki kadhaa. Tahadhari ni moja: mnunuzi anaweza kuingia mkataba wa kuendesha vipindi kabla ya idhini, na hapo fomati hubadilika mapema kuliko leseni.

Mnunuzi akiwa shirika lisilo la biashara, tafuta ombi la kubadilisha kituo kuwa kisicho cha biashara. Ukiliona, mara nyingi rock haibaki. Na mwishoni mwa 2017 FCC ilifuta kanuni ya kuwa na studio karibu na mji wa leseni. Kabla ya hapo mtandao wa setilaiti uliomba msamaha kituo kwa kituo. Sasa hauhitaji kuomba.

Kwa WBCN njia hii isingekusaidia, kwa sababu hakuna leseni iliyouzwa. Hapo tazama herufi: ombi la kubadilisha herufi ndani ya kampuni moja ni dalili kubwa. Na sikiliza hewani. Watangazaji wakitoweka wote kwa siku moja na muziki ukaendelea bila sauti ya mtu, au wimbo mmoja ukarudiwa kutwa nzima, kuna kitu kipya kinakuja.

---

#12 Bi_Gitaa

Na wakitaka kuanzisha ya kwao? Intaneti au mnara mdogo?

---

#13 FundiMnara

Mnara mdogo, LPFM, ni wati 100 kwa antena ya mita 30, unafika kama kilomita 5.6. Ni kwa mashirika yasiyo ya faida tu, matangazo ya biashara hayaruhusiwi, na maombi hupokelewa pale tu FCC inapofungua dirisha. La mwisho lilikuwa Desemba 2023. Kwenye mji wenye msongamano kama Boston kupata nafasi safi ndiyo kazi yenyewe.

Intaneti haina dirisha, ina bili. FM ya Marekani inawalipa watunzi, hailipi wanamuziki waliorekodi. Ukirusha intaneti unawalipa wote wawili. Kiwango cha kuwalipa waliorekodi, kwa vituo vya biashara ambavyo msikilizaji havilipii, kilikuwa dola 0.0021 kwa wimbo kwa msikilizaji mmoja mwaka 2021. Piga hesabu: nyimbo 15 kwa saa, wasikilizaji 1,000, ni dola 31.50 kwa saa, dola 756 kwa siku. FM ikipata wasikilizaji zaidi gharama ya hewani haipandi. Intaneti inapanda na kila mtu anayejiunga, kwa hiyo tafuta kwanza wadhamini, ndipo utafute umati.

---

#14 MasafaMapana

Fundi, hesabu hiyo ibandikwe juu ya uzi.

Nijibu hoja ya mpanga_nyimbo: nakubali, mpangaji naye alichakaza nyumba. Ila WFNX ilikuwa bado inaingiza nyimbo mpya hadi mwisho, na haikusaidia, kwa sababu aliyekuja hakununua orodha ya nyimbo.

Kuhusu herufi alizotaja Sheria_Hewani: baada ya 2009 CBS haikuziacha WBCN zichukuliwe na mtu mwingine. Ilizihamishia kwenye kituo chake cha AM 1660 huko Charlotte, North Carolina. Herufi zilizobeba jina la Boston zikaegeshwa kusini kwenye redio ya AM isiyopiga rock, ili tu mshindani asizipate.